Ndiyo ya Wakunga Wanne

Je, wewe umewahi kusema ndiyo kwa sababu tu walio mbele yako wameshaisema? Fuatino aliisema. Hata leo, akiwa bibi wa wajukuu tisa, akisikia harufu ya mafuta ya nazi yaliyotiwa maua, moyo unamrudisha kwenye ile wodi ndogo ya kisiwa cha Savaii, na kakao ya moto ya saa nne, na gauni jeupe lililotiwa wanga mpaka linamkwaruza shingo.

Walikuwa wakunga wanne, wamejipanga kwa vyeo, kama watu wa kule wanavyojipanga popote wanapokutana. Kitandani alikuwa Lupesina, uchungu umemshika tangu alfajiri. Wanawe wawili wa kwanza aliwazaa kwao, juu ya mkeka, amepiga magoti. Hapa kila akijiinua, mkono ulimrudisha chali.

"Huyu atazalia chali, kama wenzake," alisema Sista Matalena, mkubwa wao. "Au mnasemaje?"

"Ndiyo, Sista," wa pili.

"Ndiyo, Sista," wa tatu, ambaye watoto wake mwenyewe wote aliwazaa kwa magoti.

Zamu ikamfikia Fuatino, mdogo wa wote. "Ndiyo, Sista." Ilimtoka kama chafya.

Lupesina naye, alipoulizwa, akazitazama zile nyuso nne zilizokwisha kukubaliana, akasema ndiyo.

Saa nzima ikapita, mtoto hashuki. Machozi yalimtiririka Lupesina mpaka masikioni, kimya kimya, na vidole vyake vikawa vinashika chuma cha kitanda, vinavuta, vinaachia. Fuatino akashindwa kuvitazama.

Kwao mdogo hamwombi mkubwa jambo akiwa amesimama. Basi akakaa sakafuni, miguu kaikunja, kichwa kakiinamisha.

"Wewe, umedondosha nini huko?" Sista Matalena akamwuliza.

"Sijadondosha kitu, Sista. Naomba dada aulizwe tena, ila sisi tuangalie ukutani."

Wa tatu akakohoa kuficha kicheko. Aliyekaa vile humfokei; ukimfokea, asiye na adabu ni wewe.

"Haya, tugeuke," akasema Sista Matalena. "Ukuta wenyewe hata rangi hauna. Lupesina, mwanangu, sema unavyotaka."

Wakageuka. Nyuma ya migongo yao sauti ilichelewa, kisha ikaja, ndogo, imekauka.

"Nataka kupiga magoti, nishike hiki chuma. Nilitaka tangu alfajiri."