Kwaya Iliyoimba Chai Shupavu

Makerita alikodolea kompyuta macho, akasonya, akakodoa tena. Mzee Ioane, besi mkubwa wa kwaya ya kanisa lao kule Porirua, kaweka kidevu kwenye kiegemeo cha mashine ya kufuatilia macho, kamera inamfuata mboni, na Kiingereza anakisoma kama mtu anayeteleza kwenye tope! "Chai shupavu" kaipita. "Mvua nene" kaipita. Kusita hata kidogo? Wapi!

Sasa hapo ndipo palipokuwa na balaa, maana hakuna mwenye Kiingereza chake anayesema chai shupavu. Kwao chai ni kali, basi. Makerita mwenyewe ndiye aliyeyatunga hayo maneno yasiyooana, jozi kumi na mbili, akayachomeka katikati ya yale yanayooana, aone watu ambao lugha ya nyumbani si Kiingereza, kama yeye, wanayasomaje. Jicho likikuta maneno yaliyozoea kutembea pamoja, neno la pili linaliruka tu. Likikuta chai shupavu linatakiwa likwame, na doa linaloonyesha kwenye kompyuta lilipotua livimbe kama andazi la panikeke kwenye mafuta.

Madoa ya Mzee Ioane hayakuvimba hata moja. Na kibaya zaidi, muda wote alikuwa anaimbia puani.

"Mzee wangu, huo wimbo gani?"

"Wimbo?" Mzee akababaika. "Hamna wimbo, binti. Nina mafua."

Huyo alikuwa mwanakwaya wa kumi na tano wiki hiyo, na Jumatatu mashine inahamishiwa chuo kingine mpaka mwakani. Matokeo yakiharibika, shahada ya Makerita mwaka huu ndiyo imekwenda hivyo. Akafungua faili zao moja moja. Wengi wao, macho yanateleza vilevile. Na wote wanafundishwa na mtu mmoja, Shangazi Pisila, ambaye ndiye aliyekuwa wa kwanza kabisa kukaa kwenye ile mashine, wiki tatu zilizopita.

Alhamisi ya mazoezi, Makerita aliingia ukumbi wa kanisa na mkoba begani, bila hodi. Akawakuta wamejipanga kwa sauti zao nne, wanapasha makoo:

"Chai shupavuuu, chai shupavuuu, mvua nene..."

Soprano mmoja akamwona, sauti ikamkatika.

"Karibu, mwanangu," Shangazi Pisila alisema, hata hakutetereka. "Mikate ya nazi hiyo hapo mezani, panipopo za moto."

"Shangazi! Umewafundisha mtihani wangu?"

"Si ulisema sio mtihani?"

"Sio mtihani!"

"Basi sijafundisha mtihani." Kwaya nzima ikaangua kicheko.

"Ulitia sahihi kwamba hutawaambia wenzio kilichomo."

"Na sijawaambia. Nimewaimbisha."

"Lakini kwa nini, Shangazi?"

"Unaniuliza kwa nini! Si nimeona tangazo lako la kutafuta wasomaji kwenye mlango wa kanisa la Watonga? Nikae hapa nimwangalie Losaline na kwaya yake wakitupita? Na hiyo ya sio mtihani mwambie mwingine. Yule wa leseni ya udereva naye aliniambia nitulie tu, kisha akanifelisha."

"Sasa mbona mnaimba yale mabovu tu?"

"Ndiyo yaliyonikwaza, mwanangu. Yale mengine niliyapita tu, hata siyakumbuki."

Makerita alitaka kulia, akajikuta anacheka. Mwaka mzima amehangaika kuandika jambo hilohilo kurasa arobaini, na shangazi yake kalimaliza akiwa anafuta mikono kwa aproni!

"Mmeimba mara ngapi?"

"Mara sita. Ila usidhani wote! Huyu Fetu hapa, mvivu, kaja mara moja." Fetu akajificha nyuma ya alto mnene. Shangazi akachomoa daftari la mahudhurio, lile linaloogopwa kuliko mchungaji. Ukikosa mazoezi, linajua.

Makerita alilinyakua, akasogeza panipopo kando, akafungua kompyuta. Fetu, mara moja: madoa yamevimba tele. Sefo wa sauti ya tenori, mara tatu: yamevimba nusu. Mzee Ioane, mara sita, tambarare kabisa. Akampigia simu Dakta Brigid, msimamizi wake, akamwaga yote bila kupumua.

Dakta akamfanya arudie zile namba: moja, tatu, sita.

"Swali lako la kwanza limekufa," alisema. "Ila umepata zuri zaidi. Mtu akutane na maneno mara ngapi ndipo jicho liyazoee? Kwaya waridhie upya kwa maandishi, na kamati ya maadili nitaiandikia mimi. Lakini lazima upate wa kulinganisha nao, wanakwaya kama hao, ambao hawajaimba hata mara moja. Na kabla ya Jumatatu."

Makerita akakata simu, akageuka polepole.

"Hapana," alisema Shangazi.

"Sijasema kitu."

"Uso wako umesema. Mimi niende nikambembeleze Losaline? Mimi?"

"Wewe ndiye uliyeimbisha, Shangazi."

Ijumaa asubuhi Losaline, mwalimu wa kwaya ya Watonga, alifungua mlango, akapokea sinia la panipopo, akampima Shangazi Pisila kutoka juu mpaka chini.

"Kumbe nawe hukwama."

"Nimekwama," Shangazi alisema, kana kwamba anang'olewa jino. "Mtoto atakosa shahada kwa sababu yangu. Njooni kesho, tafadhali."

"Tutakuja wote." Losaline akasogea, akashusha sauti. "Ila niambie, kwenye huo mtihani wanauliza nini?"

"Sio mtihani."

"Ndivyo wanavyosema siku zote. Wewe si umeshaufanya? Nitajie japo maneno mawili."

Makerita, aliyekuja naye, alimkazia macho. Shangazi akafungua mdomo. Wimbo ulikuwa pale pale kwenye ulimi, na kila mtu anajua Shangazi Pisila na siri havilali nyumba moja. Akanyoosha mkono kwenye sinia alilolileta mwenyewe, akachukua panipopo kubwa, akaishindilia yote mdomoni, akatafuna, akatafuna, huku machozi yanamlenga, mpaka Losaline akachoka kusubiri.

Jumamosi madoa ya Watonga wa kwanza yalivimba, kila jozi! Makerita alikuwa anarukaruka kwenye kiti. Halafu akasikia sauti kutoka kwenye korido, walikokaa Watonga waliosubiri zamu, nyororo, ya puani, akatoka mbio kumziba mdomo shangazi yake.