Mutungi wa Tonalá

"Tuuzishe leo, Mama Niyibizi, juu ule mutu wa Munigi hatangoja..."

"Ukiuzisha, tutamuonea wapi?"

"...hatangoja tena. Anajuana na komanda. Tukimupa dola, atatoa mutoto..."

"Mwaka muzima anajuana na komanda. Mi nauliza, tutamuonea wapi?"

"Hapa ku mulango! Akiingia na miguu yake!"

Walikuwa wanasema pamoja, kila mutu anajibu kitu yenye mwenzake hajamaliza. Papa Émile alikuwa katikati yao juu ya kiti ya plastiki, mutungi juu ya magoti, anangoja. Anauzishaka sanamu na vitu vya zamani kwa wazungu. Tangu wazungu wapunguke Goma, anatembea nyumba kwa nyumba kuangalia vitu vya watu, na akikuta bibi na bwana wanagombana, anajua kuna kitu ya bei.

Nyumba ni ya mbao, kule Ndosho, juu ya mawe ya volkano. Mutungi uliachwa na Rosario, infirmière wa hospitali, mutu wa Mexique, mwenye bibi ya nyumba, Annonciata, alikuwa anamufulia nguo. Siku Rosario alikimbia vita, alimukumbatia, akamuachia huo mutungi na nusu sabuni. Sabuni iliisha. Mutungi ulibaki na ndege wawili, maua, na paka yenye uso wa mutu, inacheka.

Mutoto wao Niyibizi alikamatwa ile wiki batu walikuwa wanabomoa mahema ya wakimbizi ya Mugunga. Alienda kusaidia shangazi yake kubeba mabashi ya hema yake. Batu ba bunduki walimubebesha kesi, sanduku ya masasi, wakamuambia ni ya kufikisha mbele kidogo tu. Mbele kidogo haijaisha.

Siku ya yenga, ya misa, yenye ilifuata, alitokea ku mutungi, chini ya paka, mukubwa kama punje ya maharagi, kesi ku kichwa. Paka ilisogea, ikamupa nafasi. Tangu pale anatembea. Asubui anakuwa kwenye maua, magaribi amefika chini ya shingo ya mutungi. Annonciata anamusalimiaka akiwasha makala. Jirani yao Ernestine, akikuja kuomba chumvi, anauliza, "Leo amefika wapi?" Anaambiwa, anapewa chumvi, anaenda. Padri alipita kuubariki. Aliomba tu wasiuweke karibu na moto wa mbabula.

Ni baba ya mutoto, Mbarushimana, peke yake hakuangaliaka. Akiingia, anakaa na mugongo kwa mutungi. "Mi sina mutoto wa rangi," anasemaka. "Niko na mutoto wa damu, na ule wa Munigi anataka dola."

"Mumemaliza?" Papa Émile aliuliza.

Alipiga mutungi na kidole. Ulitoa sauti ya mufupi, kama mulango wa mbao. "Umechomwa na moto mudogo. Ni vizuri." Alimwanga maji kidogo ndani, akanusa. Ilikuwa harufu ya udongo penye mvua imetoka kunyesha. "Ni wa Tonalá, kule Mexique. Hawapakake verni, wanasugua na jiwe mpaka inang'aa." Kisha alionyesha mukia wa paka. Mustari ulinenepa penye mukono ulipumuzika, ukakonda penye ulikimbia. "Picha ya mashini inakuwa sawasawa kila pahali. Hii ni mukono ya mutu." Chini kulikuwa jina ya fundi.

"Uko na bei," alisema. "Kuna mutu wa Kigali, anaweza kutuma dola hata kesho."

Mbarushimana aliachilia pumzi yenye alishika tangu asubui.

"Unatoa tu jasho," Papa Émile alisema, akipanguza mikono ku suruali. "Ule udongo unatoaka jasho."

"Si udongo," Annonciata alisema. "Ni yeye. Leo wanapanda mulima."

Papa Émile aliitika na kichwa, kama mutu ameelezwa kitu ya kazi. Akaweka lupu, kioo yake ya kukuza, ku jicho, na akakawia.

"Huyu mutu mudogo wa chini ya paka si wa Tonalá. Rangi yake ni ya juzi. Hii ni retouche, rangi ya kuongezea."

"Ni mutoto wetu."

"Najua, mama, ni mutoto wenu. Lakini ku bei ni retouche, na retouche inaua bei. Wa Kigali akimuona, hatatoa hata bei ya sufuria."

"Sasa tunafanya nini?" Mbarushimana aliuliza, mugongo ukiwa kwa mutungi.

"Anatoka. Pamba na acétone, ile bamama wanatoaka nayo rangi ya makucha. Haikawii."

"Na yeye ataenda wapi?" Annonciata aliuliza.

Papa Émile alifikiri kwanza. Ku kazi yake hadanganyake. "Ku pamba," alisema.

Inje chukudu ya mbao ilipita na muzigo, ikiruka ku mawe.

"Papa Niyibizi," Annonciata alisema, "umuangalie kwanza. Mara moja tu."

"Mutoe," Mbarushimana aliambia Papa Émile. "Bila dola hatarudi."

Papa Émile alifungua chupa, nyumba ikanuka salon ya bamama. Alilowesha pamba. Akarudisha lupu, juu hafutake kitu yenye hajachunguza, akaanza kusoma vile anasomaka mikwaruzo ya sanamu. "Ku kichwa, kesi. Shati, imepasuka ku bega. Mukono moja juu, unashika. Miguu, hakuna kitu. Rangi nyekundu kidogo, ku visigino."

"Hakuna kitu namna gani?" Mbarushimana aliuliza.

"Hana viatu, papa."

"Alienda na botte zangu."

"Haziko."

Ni kweli alienda nazo. Mvua ilikuwa inanyesha, na mawe ya Mugunga yanakata. Tangu ile siku Mbarushimana anatembea na sandale, hata mu matope, anasema hawezi kununua botte zingine wakati zake ziko njiani.

Aligeuza kiti. Akainama mpaka pumzi yake ikagusa mutungi. Niyibizi alikuwa amesimama, kitu yenye hakufanyaka muchana. Paka iliangalia kando. Baba alimuangalia mutoto mpaka acétone ikakauka ku pamba.

"Papa Émile, uko na pinceau?"

"Iko. Lakini nikiongeza rangi pale, hakuna mutu atanunua tena hii kitu."

"Umupake botte," Mbarushimana alisema. "Za nyeusi. Numero ni quarante-deux, zinamupita kidogo, kwa hiyo uzifunge na kamba."