Giza la Aina Mbili

Asubuhi ile Mpishi alikwisha kutengeneza molekuli mia tatu kabla chai yake haijapoa. Hazikuwa molekuli za kushikika. Zilikuwa mistari kwenye kioo cha kompyuta: mstari ukipanda, molekuli imewaka, ukishuka, imezima. Kazi yake ilikuwa kubuni molekuli ambazo ukweli wake anaujua yeye peke yake, kisha kuzitoa zipimwe na programu ya Profesa, ionekane kama itaugundua ukweli huo. Programu ikifaulu mtihani kwa molekuli za kubuni, ndipo iaminiwe kwa zile halisi, ambazo siri yake haijui mtu. Kwa hiyo wenzake walimwita Mpishi, na maabara ilikuwa na sheria: aliyepika haonji. Aliyetengeneza data aliikabidhi kwa mwingine aipime.

Shida ya molekuli ni kwamba kuzima kwake kunafanana. Moja imezima kwa sababu inapumzika kidogo. Nyingine imezima kwa sababu imejikunja ndani kabisa, mahali ambapo kutoka ni kazi. Ukitazama picha moja, giza ni giza tu. Lakini ukizikusanya nyakati zote za giza na kuzichora, fupi upande huu na ndefu upande ule, utaona mstari unateremka vizuri, kisha unapinda kama kiwiko. Kiwiko hicho kinakwambia kwamba giza ulilodhani ni moja ni mawili.

Wafanyakazi walianza kuwaka siku ya Jumanne. Wa kwanza alikuwa fundi wa kamera. Alikuwa anafuta lenzi, mwanga wa kijani ukatokea chini ya koo lake, mdogo kama punje ya mahindi.

"Mpishi, hebu nitazame. Nimewaka?"

"Umewaka."

"Afadhali. Tochi yangu imekwisha betri tangu juzi," akasema, akaendelea kufuta.

Kufikia mchana ghorofa nzima ilikuwa inawaka. Haikuchukua muda watu kuelewa utaratibu wake: mwenye akili yake kazini huwaka, na akili ikitoka kidogo, huzima. Karani wa mapokezi alizima kila ilipolia simu yake ya mkononi. Mlinzi alizima mchana kutwa, ila alipoona gari la mkurugenzi.

Utawala ulifurahi sana. Miaka nenda miaka rudi ulikuwa ukitafuta njia ya kujua nani anafanya kazi na nani anaonekana tu. Ukaazima kamera ya maabara, ukaifunga kwenye dari ya korido, na ukamwomba Profesa programu yake. Ijumaa programu ingetoa majibu. Aliyezima kuliko alivyowaka angeagwa kazini.

Mpishi aliposikia hivyo, akili yake ilikwenda moja kwa moja kwenye sinki.

Kwenye sinki, mwisho wa korido ile, alikuwapo Mama Glasi, aliyeosha mirija na vyombo vyote vya maabara. Miezi miwili nyuma alikuwa amemzika kitinda mimba wake, msichana wa rika la Mpishi. Alipewa likizo fupi, akarudi kuosha. Alikuwa akimwita Mpishi "mwanangu" tangu kabla ya msiba, na baada ya msiba hakuacha, ila sasa kila alipolitamka neno hilo alizima.

Mpishi aliyatazama magiza yake kwa siku mbili, kama anavyotazama mistari. Mengine yalikuwa mafupi, ya mtu aliyechoka miguu, sawa na ya kila mtu. Mengine yalikaa. Maji yalitiririka, mikono imeshika mrija, macho yako kwenye vigae vya ukuta. Kisha aliwaka tena na kumalizia mrija ule ule pale alipokuwa ameuachia. Hakuna chombo kilichowahi kurudishwa kwake kwa sababu ya doa.

"Mama, ulikuwa wapi sasa hivi?"

"Hapa hapa. Ningekwenda wapi na mapovu haya mkononi, mwanangu?" Akazima.

Alhamisi Mpishi alibisha mlango wa Profesa. Profesa alikuwa mtu mpole aliyewaka bila kukatika, hata akiwa anatafuna. Mwaka uliopita alikuwa ametangaza kwenye mkutano mkubwa kwamba kila kinachowaka kina hali mbili tu, na watu walisimama kumpigia makofi.

"Mama Glasi ana hali tatu, Profesa," alisema Mpishi. "Kuwaka moja, kuzima mbili. Lile giza refu si uvivu. Nimechora, na mstari una kiwiko."

"Programu imeona mbili."

"Programu inajumlisha mwanga wa saa nzima, kisha inaugawanya. Kiwiko kinapotelea humo humo."

"Usiniambie. Nionyeshe."

Mpishi akarudi mezani kwake na kuwatengeneza kina Mama Glasi mia tano. Kila mmoja alimpa hali tatu kwa mkono wake mwenyewe: kuwaka, giza la uchovu, na giza la msiba. Wakajitokeza kwenye kioo, wadogo, kila mmoja na sinki lake, wakaanza kuosha. Walivyozima na kuwaka, kioo kilionekana kama mji unaotazamwa kutoka mlimani. Kwa kuwa aliyepika haonji, akamwita fundi wa kamera awapitishe kwenye programu.

Fundi aliketi, akabonyeza, akangoja, akakuna shingo.

"Mbili," alisema. "Wote, dada, mbili. Hata huyu hapa ambaye maji yamemfurikia mpaka magotini, mbili."

Mpishi akafurahi, na akawaka kuliko siku zote, maana sasa alikuwa na ushahidi usiopingika. Alikwenda kwa Profesa karibu mbio.

"Hawa niliwatengeneza kwa hali tatu. Programu imehesabu mbili. Kwa hiyo programu haioni, Profesa."

Profesa aliwatazama wale wanawake wadogo kwa muda mrefu. Mmoja alipandisha mkono na kujifuta uso kwa kiwiko.

"Au ulikosea kuwatengeneza," alisema.

"Mimi ndiye niliyeandika tatu."

"Uliandika tatu, zikatoka mbili. Huwa inatokea, binti yangu. Usijilaumu."

"Basi mpeni Mama Glasi muda. Giza kama lile hupungua. Mwaka mmoja tu."

"Leo nikimwekea yeye hali ya tatu, kesho ghorofa nzima itaitaka." Aliyasema hayo kwa huruma, bila kuzima hata kidogo.

Ijumaa majibu yalitoka. Mlinzi alibaki, kwa kuwa kamera ya korido haikuona mpaka getini. Mama Glasi aliitwa utawala na kurudi baada ya muda mfupi. Akavaa tena aproni ili amalizie vyombo vilivyobaki.

"Wanasema nilikuwa sipo," alimwambia Mpishi.

"Ulikuwepo, mama."

"Najua nilikuwepo. Kwani glasi zimejiosha?"

Fundi wa kamera alikuja kumuaga. "Sasa nani atatugombeza tukishika mirija kwa vidole vya mafuta?"

"Nawe hukuwahi kusikia ukigombezwa. Utapata hasara gani?" alijibu Mama Glasi, na wote watatu wakacheka, wakiwaka.

Jumatatu iliyofuata angekuja mwoshaji mpya, mwanamke mchangamfu atakayewaka kutoka asubuhi hadi jioni na kurudisha mirija yenye madoa, na utawala ungemwandikia Profesa kumshukuru kwa programu. Mpishi angeanza kuandika programu nyingine, yenye nafasi ya giza la pili, akijua kwamba haitasomwa na mtu mwaka huo, wala pengine mwaka utakaofuata.

Lakini jioni ile ya Ijumaa alimbebea Mama Glasi mfuko wake mpaka kituo cha basi. Watu walirudi kutoka kazini wamezima karibu wote. Wao wawili waliketi kwenye ukuta mfupi kando ya barabara.

"Utakuwa unakula mchana?" aliuliza Mama Glasi. "Maana ukikaa kwenye hizo molekuli zako unasahau."

"Nitakula, mama."

"Haya, mwanangu."

Akazima.

Basi likaja. Utingo akapiga ubavu wa gari kwa kiganja. "Mama mnapanda hampandi?"

"Nenda tu, kaka," alisema Mpishi. "Tuna mtu tunamngoja."

Likaondoka. Mpishi aliuweka mfuko mapajani na kuketi karibu zaidi, bega kwa bega, bila kutazama saa.