Visiki vya Mwanaima

Kisiki cha mkorosho hakiungui kwa siku moja. Unakichimbia pembeni, unakipangia kuni, unawasha, halafu kinaungua chini kwa chini kwa ukaidi, kikitoa moshi mchungu usiotoka kwenye shati hata ukilifua. Visiki vya dada yangu Mwanaima vilikuwa kumi na tisa. Nilivichoma vyote kwa siku nne, kwa mikono yangu, huku nikijisifu.

Tulikuwa tunajiandaa kupokea wageni.

Mwaka mmoja kabla, laini kubwa ya umeme ilipita hapa kwetu Chinongwe. Wathamini walipokuja kuhesabu mazao ya watu kwa ajili ya fidia, Mwanaima alikuwa Nachingwea akimuuguza binti yake. Shamba lake likaandikwa pori. Aliporudi alikuta mikorosho aliyoachiwa na mama yetu imelazwa chini, na nguzo ya chuma imesimama katikati kama mwenye nyumba. Kwetu sisi Wamwera, mjomba ndiye msemaji wa dada zake na watoto wao. Kwa hiyo kesi niliibeba mimi, niliyeishia darasa la tano.

Watu wa msaada wa kisheria walitupa wakili, Filbert, kutoka Mtwara, mwenye viatu vilivyochongoka mbele. Alikuja mara moja. Akatusainisha karatasi juu ya boneti ya gari, akaondoka. Shambani hakuingia. Miezi ikapita, kisha akapiga simu: "Mzee Twaha, Alhamisi ijayo baraza la ardhi linakuja kuliona shamba. Muwepo." Akakata.

Sasa mtu wa huku akiambiwa wakubwa wanakuja kuona shamba lake la mikorosho, anafanya nini? Anafyeka. Anafagia mpaka korosho moja ikianguka uione ukiwa barabarani. Ndivyo tufanyavyo kila msimu. Shamba chafu ni aibu ya ukoo mzima.

"Kaka, tubakize viwili vya kukalia," Mwanaima aliniambia.

"Mwenyekiti wa baraza akae juu ya kisiki kama nyani? Nimeshaazima viti."

Walifika saa nne asubuhi. Filbert alikuja na viatu vyake vilevile. Wakili wa ile taasisi ya umma yenye laini, mama mmoja aitwaye Prisila, alikuja na mabuti. Alilizunguka shamba lote peke yake, pole pole, macho chini. Viti vyangu hakuvigusa.

"Mheshimiwa," alimwambia mwenyekiti, "mdai anasema hapa kulikuwa na mikorosho kumi na tisa. Mimi naona uwanja. Naomba atuoneshe hata kisiki kimoja."

"Tumevichoma," nikasema. "Kwa heshima yenu."

Karani alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Prisila hakucheka. Aliomba maneno yangu yaandikwe. Nikamgeukia wakili wetu aseme neno. Alikuwa anafuta vumbi kwenye kiatu.

Nilimfuata mpaka mlangoni pa gari.

"Kwa nini hukuniambia tusiguse kitu?"

"Mzee, hilo ni jambo la kawaida. Kila mtu analijua."

"Kila mtu nani? Umesoma miaka yote hiyo ulijue, halafu unaninyima mimi niliyekutegemea?"

Akapandisha kioo.

Yule mama simchukii. Alitumwa kazi, akaifanya. Alilijua shamba letu vizuri zaidi kwa nusu saa kuliko wakili wetu kwa miezi yote ile. Ninayemchukia ni yule aliyekaa upande wangu.

Tulishindwa. Majirani walitoa ushahidi, ikasemwa wote ni ndugu zetu. Hukumu ilisomwa barazani Ruangwa, na tukiwa njiani kurudi tukakaribia kwake.

"Walikata wao," Mwanaima alisema. "Ukamalizia wewe."

Akaingia ndani.

Mvua za Desemba zikaja. Kumbe moto wangu ulikula juu tu. Sehemu kumi na nne udongo ulipasuka, yakatoka machipukizi mekundu, laini, kwenye mistari ileile aliyoipanda mama. Nilimpigia Filbert. Akasema kesi imeshafungwa na muda wa rufaa umepita.

Mwezi uliopita mikorosho ilikuwa imenifika kifuani. Wakaja wafyekaji wa laini, na msimamizi wao akiwa na kitabu cha notisi.

"Mikorosho ya nani hii?"

"Ya dada yangu."

"Hairuhusiwi chini ya waya. Nawapa siku thelathini muiondoe."

Akaandika juu ya goti: mikorosho kumi na minne, mali ya Mwanaima. Jina la taasisi lilikuwa juu ya karatasi, lilelile lililokuwa kwenye hukumu. Nilisoma herufi moja moja. Nikamwomba agonge muhuri. Akagonga.

Mwanaima alitaka nimsomee karatasi ile mara mbili, tukiwa tumesimama shambani.

"Kumbe siyo pori," alisema.

Akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga. Mimi nikaona jani moja limekauka kwenye chipukizi, nikainama nilichume. Mazoea tu.

"Kaka," alisema. "Mkono."

Nikaurudisha.