Wake Wawili wa Laku

Walipofikia meza ya mwisho, katika kituo cha kupokea wakimbizi huko Midia, nje ya mji wa Koboko, Kiden hakuketi kwenye benchi, alijibwaga. Tangu asubuhi walikuwa wakisukumwa kutoka foleni hii hadi ile. Askari waliwapekua vifurushi. Nesi akawapima homa, akamzungushia mtoto Rejoice utepe mkononi kuona amekonda kiasi gani, akatikisa kichwa, akaagiza aletewe uji.

Mtoto alikuwa wa Night, mke mdogo. Kiden ndiye mke mkubwa. Kule Yei, ng'ambo ya mpaka, walikuwa wameishi ua mmoja bila kuombana hata chumvi. Mume wao Laku alipouawa, njia ya kukimbilia ilikuwa moja, basi wakaifuata pamoja, wakipokezana mtoto.

Afisa aliuliza kwa Kiingereza macho yake yakiwa kwenye kompyuta. Nasur, mkalimani, mwenyeji wa Koboko, aligeuza maneno kwa sauti iliyokauka.

"Mama, huyu iko nani kwako?"

"Mke mwenzangu."

"Bwana iko wapi?"

"Walimuua."

Afisa akasema jambo. Nasur akajipangusa uso. "Anasema bwana akiwa hayupo, nyinyi iko nyumba mbili. Wewe utaenda na lori ya leo. Huyu atabaki mpaka mtoto apate nguvu, halafu watampeleka kambi ingine."

Kiden alimtazama mwenzake. Miaka yote alikuwa amemwomba Mungu amwondolee Night. Sasa Night alikuwa ameinama, anamlambisha mtoto uji kwa kidole, wala haombi lolote. Kiden alijiona juu ya lori, mgongo mtupu bila mtoto, akahisi uchovu ambao hata njiani hakuupata.

"Andika nyumba moja," alisema.

"Mama, hiyo lori ikienda, ingine sijui lini. Utalala kwa hema."

"Nitalala."

Nasur akamgeukia Night. "Na wewe unakubali?"

"Huyu iko na maneno mingi," Night alisema bila kuinua uso. "Lakini mtoto amemzoea."

Afisa akatabasamu kidogo, akabonyeza, akawapa mashine waweke vidole.

Walipewa mkeka mmoja, pembeni mwa hema. Kabla jua halijazama walikuwa wamekwisha kugombana mtoto alale upande gani. Kiden alishinda, lakini usingizi ulimbeba kabla hajaufurahia ushindi wake.