Kiti cha Upande wa Kutokea

Mjukuu wangu, ambaye tangu akiwa mchanga namtania kwa kumwita mume wangu, ni mshauri wa watu waliolemewa moyoni. Alitunga maswali ya kujibiwa kwenye kompyuta, ili hali ya mteja ipimwe kabla hajaanza ushauri. Mkuu wa kliniki akamwambia watu walewale wajibu mara mbili, wiki mbili zikipita katikati. Majibu yakifanana, kipimo kitatumika. Yakiyumba, kitatupwa.

Awamu ya pili aliniomba nikae katika chumba cha kujibia niwaonyeshe wasiojua kubofya. Dirishani kulikuwa na pazia jembamba la buluu. Upepo ukilipuliza, ukuta mzima ulicheza, kana kwamba tumekaa ndani ya maji. Nilisinzia, nikazinduka, mtu mwingine yuko kitini. Kila mmoja nilimpa maji, nikamuuliza ameamkaje.

Mama mmoja, fundi cherehani, alibaki kidole hewani, mwanga wa kioo cha kompyuta ukimwangukia usoni.

"Swali gumu, mwanangu?"

"Linauliza kama nina mtu wa kunisikiliza."

"Usiwe na haraka. Niambie mimi kwanza."

Akaniambia, polepole, kama anayembembeleza mtoto alale. Kisha akabofya.

Jioni nilimkuta mjukuu wangu ameshika kichwa.

"Maswali yote yametulia, isipokuwa moja. Wiki mbili zilizopita wengi hawakuwa na mtu wa kuwasikiliza. Leo karibu wote wanaye! Bibi, umewafanya nini watu wangu?"

"Nimewapa maji tu. Na maneno mawili matatu."

Alinitazama, akacheka mpaka akafuta macho. "Mke gani huyu, mume anajenga, yeye anabomoa!"

Kisha akayapeleka majibu kwa mkuu, nami nikamfuata.

Mkuu aliyasoma yote.

"Rudia na watu wengine," alisema. "Bibi asiwepo chumbani."

Nikanywea, nikachukua mkoba wangu.

"Unakwenda wapi, mama?" Mkuu akabeba kiti changu mwenyewe, akakiweka nje, kwenye mlango wa kutokea. "Awamu ya kwanza pumzika nyumbani. Ya pili njoo ukae hapa, uongee nao wakishamaliza kujibu."

Tukafanya hivyo. Majibu yakafanana, hata ya swali lile, na kipimo kikakubaliwa.

Siku ya awamu hiyo ya pili, pazia likipumua nyuma yangu, alitoka mzee mmoja, kofia mkononi.

"Nimejibu kwamba sina mtu," alisema.

"Umeshabofya?"

"Nimeshabofya."

Nikasogea kidogo, nikamvutia kiti cha pili.