Boti Iliyokataa Kwenda Polepole

Mama Virginie wa Butembo aliponunua boti ya mashine mbili ya kuvusha wachuuzi wa samaki katika Ziwa Edward, hakuhangaika kutafuta nahodha. Alimchukua Kahongya, dereva wake wa lori la Fuso, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akimletea kakao kutoka Oicha kupitia Beni. Usukani ni usukani, alisema, na mambo ya maji Mungu atasaidia.

Kahongya alijibu, "Merci, mama," akatoka bureau, ofisini kwa mama, akazunguka nyuma ya depo ambako hakuna mtu, akalia. Alilia kwa furaha. Kwenye barabara ya Oicha watu wenye mapanga na bunduki walikuwa wakitokeza msituni bila kupiga hodi, na Kahongya alikuwa amepita kando ya malori yaliyoungua ambayo madereva wake aliwajua hadi majina ya utani. Jokébed, mkewe, alikuwa akimfulia shati jeupe kabla ya kila safari. Wote wawili walijua ni la kumzikia akiuawa njiani, na hakuna aliyelitaja.

Ziwani hakuna msitu. Kuna gati tu, na gati ndilo lililomtia matatani.

Boti ikikimbia ilikuwa tamu. Ilipasua maji, na wachuuzi walishika vitambaa vyao vya kichwa huku wakimwita Yesu kwa raha. Lakini ikitakiwa kwenda taratibu, iligeuka mtu mwingine. Kahongya akikata usukani kushoto, pua ilitafakari kwanza, kisha ikafuata upepo kwenda kulia. Akiongeza moto wa mashine kidogo ili aiamrishe, ilichupa mbele. Gati la mbao za mkaratusi likawa linapigwa kila safari. Wachuuzi walizoea: wakisikia paa! walijua wamefika, wakasimama, wakabeba mabeseni yao.

Alijaribu kurekebisha kwa akili ya barabarani. Fuso tupu huruka, lililopakiwa hutulia. Basi akajaza mifuko ya mchanga nyuma ya boti. Pua ikanyanyuka juu hata asilione gati kabisa, akaligonga bila kuliona. Akafunga matairi machakavu kwenye nguzo za gati. Safari iliyofuata aliyang'oa matairi na nguzo moja.

Ndipo Mama Virginie, aliyekwisha kumwalika padri aje Jumapili, akamwita.

"Kahongya, dimanche abbé anakuya kubariki boti. Sisi bote tutapanda. Kama unapiga tena ile gati, mi nakurudisha ku Fuso. Umesikia?"

"Ndiyo, mama."

Kahongya alipanda kwenda Butembo, nyumbani kwake, akiwa na uso wa mtu aliyesomewa hukumu. Jokébed aliutazama uso huo. Alianika shati jeupe kwenye kamba.

Jioni hiyo kaka wa Jokébed, Lusenge, alikuja kula. Lusenge anauza vitenge sokoni na polio ilimchukua miguu tangu utoto, kwa hiyo anatembelea kiti cha magurudumu, na ulimi wake unatembea kuliko sisi sote. Aliingia kwenye kijia chembamba kati ya jiko na ukuta, akakuta mbuzi amelala katikati. Hakubishana na mbuzi. Mkono wa kulia ulisukuma gurudumu mbele, wa kushoto ukavuta nyuma, na kiti kikazunguka palepale bila kugusa ukuta.

"Rudia," alisema Kahongya.

"Nirudie nini?"

"Kugeuka."

"Shemeki, mi nimekuya kula sombe, weye unataka nikuchezee?"

"Usukani yako iko wapi?"

"Usukani ya nini? Niko na mikono mbili!"

Kahongya hakula vizuri siku hiyo. Kesho yake alfajiri alikuwa ziwani. Aliunyoosha usukani na kuufunga kwa kipande cha mpira wa tairi ili asiushike tena kwa mazoea. Akashika manette mbili, vile vishikio vya gia na moto, moja ya kila mashine. Ya kulia akaitia mbele, ya kushoto akaitia nyuma. Boti ikazunguka mahali pamoja, kimya, kama mtu anayemtafuta aliyemwita. Akageuza manette, ikazunguka upande wa pili. Akacheka peke yake hadi wavuvi wakamtazama.

Kugeuka kulikuwa rahisi. Kigumu kilikuwa kungoja. Boti ile haikutaka moto. Ilitaka gia iingie kidogo, itoke, kisha mtu aachie mikono na kuiacha iteleze. Barabara ya Oicha ilikuwa imemfundisha Kahongya kwamba anayepunguza mwendo ndiye anayekutwa, na mguu wake wa kulia uliendelea kutafuta pedali hata pale ambapo hapakuwa na pedali. Alijizoeza kutoa gia na kukunja mikono kifuani. Kila alipoikunja aliogopa, na kila alipoogopa hakuna kilichotokea.

Dimanche walipanda wote: abbé na maji yake ya baraka, Mama Virginie na kitenge kipya, Josaphat mpwa wake, dereva pia, ambaye mkewe alikuwa karibu kujifungua, na wachuuzi wakiimba. Walizunguka ziwani wakisali rozari. Wakati wa kurudi upepo ulivuma kutoka upande wa Uganda na kuisukuma boti ubavuni. Kahongya alitia gia, akatoa, akazungusha, akakunja mikono. Boti ilisogea na kulala kando ya gati.

Hakuna aliyesimama. Walikuwa wakingoja paa! Abbé aliendelea na fungu jingine la rozari mpaka Falonne, mchuuzi wa samaki, alipoona kiwiko chake kimeegemea nguzo ya gati.

"Mais tumeshafika!" akapiga kelele, na wote wakapiga makofi.

Mama Virginie hakupiga. Alishuka, akamvuta Kahongya pembeni.

"Sasa mi hapana elewa. Nimeshakupangia Fuso yako. Kila siku unagonga, mi nasema: huyu mutu hapana penda boti, anataka gari yake, anasikia haya kusema."

Hapo Kahongya akaelewa. Kila patron wa Butembo, yaani tajiri mwenye magari, anajua kwamba dereva hakatai chombo kwa mdomo. Hukigongagonga kidogo kidogo mpaka anyang'anywe, na patron mwenye heshima humnyang'anya bila kumuuliza. Mama alikuwa anamfanyia hisani.

Basi akasema jambo ambalo madereva hawalisemi.

"Mama, mi naogopa ile barabara. Naogopa sana. Nilikuwa nagonga sababu mi hapana jua kuendesha boti."

Mama Virginie alishika mdomo. "Miaka yote ile?"

"Yote."

Akafungua mkoba, akatoa funguo za Fuso, akaita, "Josaphat! Weye ndiyo utaenda Oicha. Kesho kakao iko nangoja."

Josaphat alipokea. Usoni kwake hapakuwa na kitu, na Kahongya aliutambua uso ule. Aliuvaa yeye mwenyewe ndani ya bureau miaka yote ile.

"Merci, tantine," alisema Josaphat.

Mama alishaanza kuelekea kwenye chakula cha sherehe kilichoandaliwa ufukweni. Kahongya alijua vizuri sana kwamba kama Josaphat asingekwenda, funguo zile zingerudi mkononi mwa nani. Aliyasikia maneno yakimtoka hata hivyo.

"Mama, umuulize kwanza kama naye anaogopa."

Mama Virginie aligeuka. Josaphat alitazama viatu vyake, kiganja chenye funguo kikiwa bado wazi.